Miiko ya Nchi ya Kubuni

Mwandishi abuniye taifa lisilokuwapo hana budi kulibunia ibada na miiko. Shaaban Robert, katika Kufikirika (1967), alibuni nchi ambamo kafara ya mjinga mmoja na mwerevu mmoja yadaiwa kwa ajili ya jamaa ya mfalme. Hapo twajifunza kuuliza: desturi yamlinda nani, na ni nani aumiaye?

Wanyarwanda waliopewa makao Mwese, wilayani Mpanda, miaka ya 1960, walitoka katika koo zenye miiko. Ukoo wa Abanyiginya, kwa mfano, wahusishwa na korongo mwenye taji. Mwiko wa namna hiyo haudai damu ya mtu, bali hukumbusha undugu. Basi, tusihukumu mwiko kabla ya kuuliza. Lakini panapodaiwa damu, tuseme wazi: Kristo alijitoa mara moja tu.