Nondo wa Muundi wa Ajabu

Kati ya Mlima Longonot na Ziwa Naivasha, vivungulio vya plastiki vimetanda hekta baada ya hekta, na humo waridi hukatwa likiwa bado tumba. Soko linataka tumba lililofumba, na kiwavi analitaka vilevile: hutoboa kitundu kidogo, akajipenyeza, akala petali gizani asionekane. Tangu Aprili 2025 Umoja wa Ulaya umekaza masharti ya mawaridi yanayotoka nchi zenye mdudu huyu, na kwa Kenya mzigo wa kuthibitisha kwamba hayana kiwavi umeangukia KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Mashambani anaitwa FCM, kifupi cha jina la Kiingereza linalomfanya kuwa nondo bandia wa yule anayeharibu matufaha. Jina hilo linapotosha. Anayetaka kumdhibiti hana budi kurudi kwenye jina la kisayansi, Thaumatotibia leucotreta, kwa sababu lenyewe ni hoja inayoweza kupimwa kwa kuutazama mwili wake.

Mwili wenyewe hauvutii kwa mbali. Ni nondo wa kahawia iliyochanganyika na kijivu. Mabawa ya dume yakikunjuliwa hufika milimita 15 au 16, ya jike hadi 20. Ukimkuta ukutani karibu na taa hutamtenga na wenzake. Mweke chini ya lenzi sasa. Kwenye bawa la mbele kuna kidoa cheupe. Miguu ya nyuma ya dume imefunikwa magamba marefu yaliyosongamana, utadhani amevaa soksi za manyoya, na kwenye kona ya bawa la nyuma kuna kifuko cha magamba meusi mithili ya nywele, kilichofunikwa na magamba meupe. Mwaka 1913 Edward Meyrick, mwalimu wa Kigiriki na Kilatini katika shule ya Marlborough huko Uingereza, alimwita leucotreta, yaani mwenye tobo jeupe, akamweka katika jenasi ya Argyroploce. Meyrick alitegemea sana mishipa ya mabawa, na hakuwa na hamu ya kupasua nondo ili achunguze viungo vya uzazi. Miaka miwili baadaye Zacher, Mjerumani, alimwelezea mdudu huyohuyo kama mpya na kumpa jina Thaumatotibia roerigii. Thaumatotibia maana yake ni muundi wa ajabu. Zacher aliuona mguu. Kwa kanuni ya jina kongwe, roerigii lilianguka. Nondo akakaa kwa miongo katika jenasi ya Cryptophlebia, mpaka 1999 Mjapani Furutaro Komai alipomrudisha kwenye jenasi ya Zacher. Ndiyo maana leo jina la Meyrick huandikwa ndani ya mabano: alama kwamba spishi ni yake, ila nyumba aliyomjengea imehamwa.

Mkulima ana haki ya kuuliza: majina yote haya ya nini, ikiwa kiwavi ni yuleyule na waridi limeliwa? Lakini tangu 1913 leucotreta halijabadilika. Kilichobadilika ni dai la ukoo, na dai la ukoo huja na utabiri. Nondo wa matufaha, Cydia pomonella, ni wa familia hiyohiyo ya Tortricidae, lakini kiwavi wake hulala msimu wa baridi kali. Wa kwetu hana usingizi huo. Palipo na joto na chakula huzaa mwaka mzima, na chakula hakimpi shida: machungwa, pilipili hoho, parachichi, mahindi. Anayeazima kalenda ya mashamba ya matufaha kwa kuamini neno "bandia" atanyunyiza dawa wakati usiofaa. Tena kiwavi wa leucotreta ana kichana kidogo chenye meno chini ya ncha ya mkia, na yule wa matufaha hana. Mkaguzi mwenye lenzi humaliza swali hilo mezani.

Pingamizi zito zaidi ni la DNA: kwa nini tuhesabu meno ya kichana wakati maabara inaweza kusoma vinasaba? Kweli, kiwavi aliyepondwa ndani ya tumba mara nyingi hatambuliki kwa njia nyingine. Ila mfuatano wa vinasaba hulinganishwa na mfuatano mwingine uliokwisha kupewa jina, na jina hilo lilitoka kwa nondo aliyechomwa pini, akatambuliwa kwa mwili, akafungiwa lebo. Lebo ikiwa na kosa, mashine italirudia kosa hilo kwa uaminifu mkubwa.

Mitego nayo ina lake. Harufu ya jike inayotiwa humo ili kunasa madume humvuta pia Cryptophlebia peltastica, nondo wa lichi, anayeishi Afrika na katika visiwa vya Bahari Hindi kama Mauritius. Hesabu ya shamba huanza baada ya mtu kuibandua karatasi yenye gundi, kuchukua kibano, na kukunjua bawa la nyuma la kila dume kuona kama kifuko kipo.