Somo la Kumi na Mbili: Mama Anayengoja Pamoja na Mungu



Wasikilizaji wapenzi, katika somo lililopita tulifundisha juu ya sala ya kuomba. Leo tunaendelea na neno gumu lililo karibu nalo: yatupasa kufanya nini ikiwa tumeomba, na jibu halijafika? Tunasema hasa na mama zetu wa vijijini, kwa maana katika nchi yetu ya Lualaba wao ndio wanaojua kungoja kupita watu wote.

Tazameni njia iendayo Kolwezi. Mji huo ulijengwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya shaba, na tangu hapo wanaume wameacha vijiji vyao kwenda kuitafuta. Zamani waliandikwa kazi katika kampuni ya Union Minière. Tangu mwaka 1967 migodi ikawa ya serikali, chini ya kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines. Kampuni hiyo ilipodhoofika katika miaka ya 1990, wengi walianza kuchimba shaba na kobalti kwa mikono yao wenyewe, wakishuka katika mashimo marefu yaliyo rahisi kubomoka.

Kijana huaga akisema atarudi kabla ya mvua. Mvua hunyesha, mahindi hukomaa, naye hajarudi. Jioni mama yake hupika bukari, akamwekea sehemu yake. Mwishowe wapita njia humletea habari: mwanawe yu hai, lakini fedha yake huishia katika pombe, anaishi na mwanamke pasipo ndoa, na njia ya kanisa ameisahau. Mama huyo amesali rozari mwaka mzima. Je, Mungu hamsikii?

Kabla ya kujibu, sikilizeni habari za mama mwingine, Mwafrika kama sisi. Ndiye Mtakatifu Monika, aliyeishi Tagaste, mahali palipo leo katika nchi ya Algeria. Mume wake, Patrisio, alikuwa mpagani mwenye hasira nyingi. Monika alimvumilia na kumwombea, naye akabatizwa karibu na kufa kwake. Lakini mtoto wao Augustino, kijana mwenye akili sana, aliishi na mwanamke pasipo ndoa, na alipokuwa na umri wa miaka kama 19 alifuata dini ya uongo ya Wamani. Mama yake alimlilia Mungu usiku na mchana.

Mwaka 383 Augustino alikata shauri kuvuka bahari aende Roma. Monika akamfuata mpaka bandari ya Karthago, akamsihi asiende, au amchukue pamoja naye. Augustino akamdanganya, akisema anataka tu kumsindikiza rafiki yake. Usiku ule Monika alikesha akisali katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani, karibu na bandari. Kulipokucha, merikebu ilikuwa imekwisha kuondoka, na mwanawe yumo.

Mama zetu, mwafahamu uchungu wa asubuhi ile. Monika alikuwa ameomba neno moja usiku kucha, yaani mwanawe asisafiri, naye hakupewa. Lakini tazameni kazi ya Mungu. Kutoka Roma Augustino alikwenda Milano, na huko akasikia mahubiri ya Askofu Ambrosio. Monika naye akavuka bahari, akamfuata. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387, Augustino alibatizwa kwa mkono wa Ambrosio, na mama yake akaona kwa macho yake. Mwaka uo huo Monika akafa kwa amani huko Ostia, walipokuwa njiani kurudi Afrika. Baadaye Augustino akawa askofu na mwalimu mkuu wa Kanisa, naye mwenyewe alikiri ya kuwa Mungu alimnyima mama yake aliloomba usiku ule, ili ampe aliloomba siku zote.

Basi, jibu letu ni hili: Mungu husikia. Akikawia, au akikataa neno moja, hajatuacha. Sisi twaona usiku mmoja tu. Yeye aona njia yote.

Wazee wetu wa Katanga walijua kuyeyusha shaba kabla ya Wazungu kuja. Wakati wa kiangazi walichimba mawe ya kijani, wakayatia katika tanuru ya udongo pamoja na makaa, wakavukuta kwa mivukuto. Kisha walimimina shaba katika kalibu, na mara nyingi waliipa umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika katika biashara na katika mahari. Mtu aliyesimama nje aliona udongo na moshi tu, lakini ndani jiwe lilikuwa likigeuka kuwa shaba. Ndivyo afanyavyo Mungu katika moyo wa mwanadamu, mahali tusipoweza kuona.

Hata hivyo, wavukutaji hawakulala. Kungoja pamoja na Mungu si kukaa bure. Monika alisali, alishiriki Ekaristi, aliwaomba maaskofu shauri, alisafiri. Nawe, mama, mpelekee mwanao habari, mwambie wazi kwamba wampenda na ya kuwa dhambi yake huipendi. Ikiwa mume wako amekuacha bila chakula cha watoto, usidhani uvumilivu ni kunyamaza. Mwambie katekista, wazee na jumuiya, upate msaada. Kudai haki ya watoto si kukosa imani.

Tena jihadharini na kishawishi. Siku zinapokuwa nyingi, jirani huja na kunong'ona: Nenda kwa mganga, akuonyeshe aliyemfunga mwanao. Mganga hula kuku wako na fedha yako, kisha hutaja jina: labda mjane mzee, labda mtoto yatima anayelala nyumbani mwako. Wangapi wamepigwa na kufukuzwa kwa ajili ya neno hilo! Mkristu afanyaye hivyo ameacha kumngoja Mungu, naye amemdhulumu mtu asiye na kosa.

Lakini kuna mama wengine, na hatuwezi kuwapita kimya. Mwezi wa Juni 2019, ardhi iliporomoka katika mgodi mmoja karibu na Kolwezi, ikawafunika wachimbaji. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mama zao nao walikuwa wameomba. Kwao hatusemi maneno mepesi. Twawaonyesha Bikira Maria aliyesimama chini ya msalaba, aliyepokea maiti ya Mwanawe, akangoja siku nzima ya Jumamosi wakati kaburi limefungwa. Tumaini lake halikuaibishwa Jumapili. Ninyi mwangoja sasa ufufuko wa wafu, na hakuna aliyengojea huo bure. Waombeeni marehemu wenu katika Misa Takatifu.

Sasa tujaribu kujibu maswali haya.

Swali: Je, Mungu akikawia, amekataa?
Jibu: Hapana. Mungu husikia kila sala ya kweli, naye hutoa yaliyo mema kwa wakati wake.

Swali: Anayengoja yampasa kufanya nini?
Jibu: Yampasa kusali, kupokea masakramenti, kutimiza kazi zake, na kuomba msaada wa wenzake.

Swali: Ajiepushe na nini?
Jibu: Ajiepushe na waganga wa ramli, na kumshitaki mtu uchawi, na kukata tamaa.

Kusudi la juma hili: kila jioni, mwekapo chakula, mtajeni kwa jina yule asiyekuwapo nyumbani, mmwombee. Tena mtembeleeni mama mmoja anayengoja peke yake.

Tuombe: Ee Mungu, uliyeyaona machozi ya Monika, uwaangalie mama wa Lualaba. Uwalinde walio chini ya ardhi, uwarudishe waliopotea, uwapokee waliokufa. Nasi utupe moyo wa kukungoja Wewe. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.