Somo: Kiapo cha Kuficha Uovu



Kila mwaka vijana wa Likasi huwaaga wazazi wao na kushika njia ya Lubumbashi, waende kusoma katika chuo kikuu. Huko hukuta desturi iitwayo bleusaille, yaani «ubatizo» wa wanafunzi wapya. Desturi hiyo ilitoka katika vyuo vya Ubelgiji. Mgeni huitwa «bleu». Wakubwa humwimbisha na kumdhihaki. Lakini mara nyingine humpiga na kumtweza, kisha humwapisha asitoe siri.

Uliza: Je, kijana aliyeapa hivyo amefungwa na kiapo chake?

Jibu: La. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983, kanuni ya 1200, yafundisha kwamba kiapo kilichotolewa kwa hila, kwa nguvu au kwa hofu kubwa ni bure. Herode aliapa mbele ya wageni wake, akaona haya kurudisha neno, na Yohane akakatwa kichwa. Dhambi haikuwa kuvunja kiapo. Dhambi ilikuwa kukishika.

Uliza: Basi, haitoshi aondoke kimya?

Jibu: Ikiwa ni nyimbo na mzaha tu, yatosha kukataa na kuondoka. Lakini ikiwa watu wanaumizwa, kuondoka kwaokoa mmoja, na wenzake wabaki hatarini. Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 23, kwamba Wayahudi zaidi ya 40 walikula kiapo cha kumwua Paulo. Mpwa wake, naye kijana, alisikia shauri lile. Alimwambia Paulo, kisha mkuu wa askari, na Paulo akapona.

Katika nchi ya Ubelgiji, mwezi wa Desemba 2018, Sanda Dia, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Leuven, mwenye miaka 20, alitiwa katika shimo la maji baridi, akanyweshwa mchuzi wa samaki wenye chumvi nyingi. Alikufa. Mwaka 2023 korti iliwahukumu wenzake 18. Neno la mmoja tu, lililosemwa mapema, lingaliweza kumwokoa.

Uliza: Amwambie nani?

Jibu: Aliyeumia apelekwe kwanza kwa mganga. Kisha awaambie wazazi, wakuu wa chuo, na polisi ikiwa pana jeraha. Akimwambia padri, asiseme katika kitubio peke yake, maana siri ya kitubio haifunguliwi kamwe. Aseme na nje ya kitubio, ili padri aweze kumsaidia.

Ni kweli, huenda akatengwa, akaitwa msaliti, akanyimwa hata madaftari ya kunakili. Hatumfichi jambo hilo. Lakini rafiki aliyenunuliwa kwa damu ya mwingine si rafiki.

Nanyi wazazi, kabla mtoto hajapanda gari, mwambieni: Ukiona uovu, sema, na ukirudi nyumbani, mlango u wazi.