Sosi ya Kikorea: Tuisome Lebo, Kisha Tuitengeneze Wenyewe

Watoto wetu wa leo hawatosheki kutazama tamthilia za Kikorea. Wanataka pia kuonja kile wanachokiona kikiliwa humo. Basi mzazi huenda dukani, akachukua kikopo chekundu cha gochujang, rojo maarufu ya pilipili, akakitia kapuni bila ya kukigeuza.

Tunasihi kigeuzwe. Kwa asili, gochujang ni pilipili ya unga, mchele wa kunata, soya iliyochachushwa na chumvi, vikawekwa juani miezi mingi ndani ya mitungi ya udongo. Ustadi huo wa kuchachusha soya ni wa kale, na Desemba 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu. Lakini viwanda vingi huongeza alkoholi ili kuzuia rojo isiendelee kuchachuka kikoponi. Hapo ndipo penye mushkeli kwetu.

Hatuna haja ya kuwakemea watoto. Wakorea wenyewe wanayo sosi nyingine, yangnyeomjang, isiyohitaji gochujang wala kungojewa miezi. Mahitaji yake ni haya:

• Sosi ya soya, vijiko vikubwa 4
• Maji, vijiko vikubwa 2
• Pilipili nyekundu kavu iliyotwangwa, kijiko kikubwa 1
• Vitunguu saumu, punje 2 zilizopondwa
• Majani ya vitunguu, mashina 2 yaliyokatwa vidogo vidogo
• Ufuta uliokaangwa bila mafuta, kijiko kikubwa 1
• Mafuta ya ufuta, kijiko kikubwa 1
• Sukari, kijiko kidogo 1

Pilipili ya Kikorea si kali mno. Kwa hiyo tukitumia ya kwetu, tutoe mbegu, tuitwange isiwe laini sana, tuanze na nusu ya kipimo. Tuchanganye vyote bakulini na kuviacha robo saa ili vikolee. Hakuna kupika.

Sosi hii humwagiwa wali mweupe, samaki wa kuchoma, mayai, tambi, biringanya za mvuke na hata viazi vya kuchemsha. Ikifunikwa vyema jokofuni hukaa takriban wiki moja.

Tahadhari moja imebaki: sosi ya soya nayo huchachushwa, na baadhi ya chupa zimeongezewa alkoholi. Tuchague isiyoongezewa, na bora yenye alama ya halali. Ama kile kidogo kinachojitokeza chenyewe katika kuchachuka, mwenye shaka na amuulize shekhe wake.

Tumwite mtoto asome lebo pamoja nasi, kisha atwange pilipili. Atakula alichokitamani, naye atakuwa amejifunza kuuliza kabla ya kula. Siku atakapokuwa bwenini au ughaibuni, mbali na macho yetu, desturi hiyo itamfaa, inshaallah.