MALTA, KISIWA AMBAKO PAULO ALIVUNJIKIWA MERIKEBU



Katika somo la dini tunasikia jina Melita, kisha tunageuza ukurasa. Kumbe kisiwa hicho kiko mpaka leo. Ndicho Malta, katika Bahari ya Kati, kusini ya Sicilia. Pamoja na visiwa vidogo Gozo na Comino, nchi nzima ina kilometa za mraba 316 tu, karibu sawa na Idjwi yetu ya ziwa Kivu. Ilipata uhuru toka kwa Uingereza mwaka 1964. Mwaka 2024 wageni zaidi ya milioni 3 walikwenda kutembea kule. Wanatafuta nini?

Wengi wanatafuta jua na maji. Lakini mwenye kutaka kujifunza ataona mambo mane.

1. Mawe ya zamani. Kule Gozo iko mahekalu ya Ġgantija, yenye miaka zaidi ya 5.000, yaliyojengwa mbele ya piramidi za Misri. Tena, karibu na mji mkuu, iko makaburi ya chini ya ardhi yaliyochongwa ndani ya mwamba, yanaitwa Hypogeum. Watu 80 tu wanaingia kwa siku. Sababu gani? Pumzi ya watu inaleta joto na unyevu, na rangi nyekundu ya zamani inaharibika.

2. Mji mkuu, Valletta. Mashujaa wa Mtakatifu Yohana walianza kuujenga mwaka 1566, baada ya Waturuki kuwazunguka kwa vita mwaka 1565. Katika kanisa lao iko picha kubwa ya Caravaggio ya mwaka 1608, inayoonyesha kifo cha Yohana Mbatizaji.

3. Lugha. Kimalta kilitoka katika Kiarabu. Sita wanasema sitta, saba ni sebgħa, ishirini ni għoxrin, bahari ni baħar. Basi mwanafunzi wa kwetu akifika kule, hatakuwa mgeni kabisa!

4. Ghuba ya Paulo, San Pawl il-Baħar. Wenyeji wanashika kwamba merikebu ilivunjika pale. Someni Matendo ya Mitume 27 na 28: watu 276, wote waliokoka. Mvua ilikuwa ikinyesha, baridi kali, na watu wa kisiwa wakawasha moto. Luka hasemi kama waliuliza kwanza nani mfungwa, nani askari.

Hapa tunataka kusimama kidogo. Leo mgeni mwenye paspoti na pesa anashuka katika ndege, anakaribishwa vizuri. Lakini katika maji yale yale zinapita mashua zinazotoka Libya, na ndani yake Waafrika wengi. Mara nyingi serikali zinabishana nani awapokee, na watu wengi wamekufa majini. Hatusemi kwamba watu wa Malta ni wabaya. Kisiwa ni kidogo, na mzigo huo unapita nguvu zao peke yao. Ila mtalii anayepiga picha pale ghubani, heri akumbuke ule moto kuliko mwamba.

Mwenye Biblia yenye ramani, afuate safari ya Paulo toka Krete mpaka Malta. Kisha tuulizane hapa hapa: mwanafunzi mpya akifika bila godoro, bila ndugu, nani kati yetu anamwashia moto?