Elikopta haingojwi mikono mitupu

Mutu akiumia vikali mahali pa mbali, mara moja tunauliza: ndege iko wapi? Ni ulizo la haki. Katika Katanga miji iko mbali mumoja na mungine, na wakati wa mvua njia ya Pweto ao ya Manono inaweza kusimamisha gari siku nzima.

Kubeba wagonjwa kwa ndege si kazi mupya pande zetu. Katika mwaka wa 1957, wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha kule Nairobi kazi ya waganga wa ndege, ambayo leo tunaiita AMREF. Katika mwaka wa 1965 Zambia ilianzisha yake. Kituo chake kiko Ndola, karibu na mupaka wetu.

Lakini ndege ya mabawa inaomba kiwanja kirefu. Elikopta inashuka mahali padogo. Katika Aprili 1944, kule Burma, rubani Mumarekani Carter Harman alitoa watu wanne katika pori kwa elikopta ya Sikorsky. Injini ilikuwa dhaifu; aliwabeba mumoja mumoja.

Ila elikopta haisimamishi damu inayomwangika. Tangu kuiita mpaka ifike, mugonjwa ni wetu. Kwa hiyo:

– Finya kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachilia.

– Aliyeanguka toka juu, usimukokote wala kumukalisha, isipokuwa kuna hatari ya moto ao ya udongo kumuangukia.

– Kwa radio ao telefone, sema: mahali gani, watu wangapi, wanapumua ao hapana.

– Tayarisha uwanja wazi, mita 30 kila upande, mbali na nyaya za umeme. Ondoa mabati na vitambaa, maana upepo utavirusha.

– Usisogee mbele rubani hajakupatia alama. Pitia mbele yake, umeinama, kofia mukononi. Kwenye mutelemuko, usitoke upande wa juu. Na hata siku moja usipite nyuma: panga la mukia likizunguka halionekani, na linaua.

Wamama, sauti ya elikopta inavuta watoto kama ngoma. Muwashike mukono.

Kila ekipe ichague leo mutu wa radio, mutu wa kidonda na mutu wa uwanja. Siku ya hatari si siku ya kuulizana.