Kinacholia Usiku Mwembeni si Mtoto

Wenzetu wa Mikindani waliobakiwa na miembe na minazi uani hushtuka usiku: sauti kama ya mtoto mchanga analia, na juu ya mti! Wengine husema ni jini. Ni komba, mnyama wa ukoo wa kima. Macho makubwa ya kuonea gizani, masikio huyakunja, na mkojo hujipaka viganjani na nyayoni. Hula matunda na wadudu. Wagema wamjua zaidi kwa wizi wa tembo. Ndiyo mtu akaitwa mlevi kama komba. Jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, hivyo ukimuua mmoja kwa mawe, pengo halizibiki upesi. Na miti ikikatwa, hulazimika kushuka chini, kwenye mbwa.